Mtoto wa Pwani, Usiku Mmoja Ziwani

Jumapili, saa nne usiku, chumbani. Umeme upo, rumeti kalala, mimi nina chai ya rangi na andazi la jana.

Najua nimekaa kimya muda mrefu, na nasikia kuna watu wameshaanza kuulizana kule korido kama nimedisko. Sijadisko. Nipo, nadunda, bumu limeisha kama lenu lilivyoisha.

Leo nataka kuwasimulia jambo ambalo nimekuwa nalikwepa tangu tufungue chuo. Kila mtu akiniuliza "fildi ilikuwaje?" najibu "bomba tu," halafu nabadilisha mada. Haikuwa bomba tu. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kafeteria, mbele yangu vijana wawili wanapanga safari ya likizo. Wanataka kukodi boti, wavuke usiku kwenda kisiwa fulani ziwani, eti wakwepe jua na wapige picha na nyota. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika huko. Nilitaka kuwaambia kitu, nikaona noma kuingilia maongezi ya watu nisiowajua. Nikachukua wali wangu maharage nikaondoka. Tangu siku hiyo nimekuwa najiona mjinga. Basi haya ndiyo niliyotakiwa kuwaambia.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Pangani. Baba ni mvuvi, na mimi nimekulia kwenye ngalawa. Nilijua tofauti ya bamvua na maji mafu kabla sijajua kugawanya sehemu kwa sehemu. Nikiwa darasa la sita nilishakwenda na baba usiku hadi miambani tukarudi alfajiri, na sikuwahi kuogopa hata siku moja. Kwa hiyo mwaka jana, 2025, nilipopangiwa fildi Ukerewe, nilicheka. Ziwa? Ziwa si bwawa kubwa tu?

Rumeti wangu ni mwenyeji wa huko, akaniambia hakuna haja ya kupanga chumba, babu yake anaishi kwenye kisiwa kidogo jirani na Ukerewe, tutalala kwake na kazi tutaifanya kwenye mialo ya pale pale. Mwalo, kwa watu wa pwani wenzangu, ndiyo bandari ya wavuvi, pale boti zinapopakia na kupakua. Siku ya kwanza kabisa, baada ya shikamoo na karibu, nikataka kuonyesha kwamba mimi si mgeni wa maji. Nikamuuliza babu kwa sauti, "Babu, hapa maji yanapwa saa ngapi?"

Mwalo mzima ulicheka. Akina mama waliokuwa wanaanika dagaa walicheka hadi wakakaa chini. Babu peke yake hakucheka. Akanijibu kwa upole, "Mjukuu wangu, haya hayapwi kama ya kwenu. Haya yapo tu."

Ningekuwa na akili, ningeelewa pale pale kwamba ujuzi niliokuja nao haukuwa wa mahali pale. Lakini nilikuwa na kichwa kigumu. Naomba mnisamehe nikianza na jiografia kidogo, ndiyo ninayosoma, na ndiyo aibu yenyewe. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kisiwa cha Unguja chote ungeweza kukitosa humo mara arobaini na bado ukabaki na nafasi. Lakini kina chake si kirefu, pale penye kina zaidi ni kama mita 80 tu. Mawimbi yake si kama yale ya bahari kuu yanayokuja marefu, unapanda taratibu unashuka taratibu. Ya ziwani ni mafupi, yamesimama, yanafuatana. Hujamaliza moja lingine limeshafika. Halafu maji hayana chumvi, kwa hiyo yanakubeba kidogo zaidi ya bahari, yaani kidogo kwa maana ya upungufu. Nilijaribu kulala chali kama ninavyolala kwetu, nikaona miguu inakwenda chini yenyewe. Nikasema labda nimenenepa kwa sangara wa bure.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe.

Ilikuwa wiki ya tarehe 20 Septemba 2025. Fildi imeisha, ripoti imesainiwa, na mimi nina sapu ya Takwimu inanisubiri Dar siku tatu mbele. Mpango ulikuwa tuondoke kisiwani, tufike Ukerewe, tuchukue meli Nansio hadi Mwanza, kisha basi. Mimi nikang'ang'ania meli ya asubuhi. Ili tuiwahi ilibidi tuvuke usiku.

Babu akasema hapana. Hakutoa hotuba. Alitoka nje, akaangalia upande wa ziwa, akarudi akakaa. "Mtavuka kukipambazuka. Mtapanda ya mchana."

Sasa sikilizeni upuuzi wangu. Basi tulilokata tiketi lilikuwa linaondoka Mwanza alfajiri ya siku inayofuata! Meli ya asubuhi ingetufikisha mchana, meli ya mchana ingetufikisha jioni, na wote tungelala Mwanza na kupanda basi lile lile. Sikuwa nawahi kitu chochote. Nilikuwa na wasiwasi wa mtihani tu, na wasiwasi unataka uone unafanya kitu. Na ukweli mwingine, sikupenda mtu anizuie kuingia majini. Mimi, mtoto wa Pangani!

Nikamfuata kijana mmoja pale mwaloni, nahodha wa boti ya mbao yenye mashine ya nguvu za farasi 15. Ni binamu yake rumeti. Naye mwanzo alikataa. Nikamwambia nitaongeza elfu ishirini. Akakaa kimya kidogo. Nikamwambia, "Kaka, mimi mwenyewe mtu wa bahari, nitakusaidia mbele." Akakubali. Babu alikuwa amelala tulipobeba mabegi, au labda alijifanya amelala, sijui.

Saa saba usiku tukasukuma boti. Mwezi hakuna, giza kama umefunikwa blanketi. Nahodha akatoa maboya mawili, yale ya kuvaa kifuani, akanipa mimi moja na rumeti moja. Nikavaa, nikafunga kamba, nikaenda kukaa omo na tochi yangu kubwa. Hilo la maboya mlikumbuke, nitalirudia.

Dakika za mwanzo zilikuwa raha tupu. Nyota nyingi, maji yametulia, mashine inaunguruma. Mimi nazungusha tochi kulia kushoto kama askari wa doria. Nahodha akapaza sauti, "Kaka zima, unanipofusha." Nikadhani anaonea huruma betri. Nikazima kidogo, nikawasha tena.

Baada ya kama saa moja tukaona taa mbele. Nyingi, zimejipanga, nyeupe. Nikasema ile pale Ukerewe, nyoosha. Nahodha akasema yeye anadhani tupo kulia mno, ni bora tupige kushoto kwanza. Nikabishana naye. Nikamwambia kwetu sisi ukiona taa umeona mji. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka miwili hivi, aliishia darasa la saba, mimi wa chuo, na pesa ni yangu. Akanyoosha.

Zile hazikuwa taa za mji. Zilikuwa taa za wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kama ule, taa zinaelea juu ya maji, dagaa wanazifuata, wavu unazungushwa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Usiku wa mbalamwezi wavuvi hao hupumzika, ila usiku usio na mwezi ziwa linajaa taa kama Kariakoo. Na taa ndogo iliyo karibu juu ya maji inafanana kabisa na taa kubwa ya mbali nchi kavu. Nilikuwa nimekaa pale wiki nane nikiandika ripoti kuhusu dagaa, najua bei ya ndoo, najua idadi ya boti mwaloni, lakini sijawahi kuwaona kazini kwa sababu usiku nilikuwa nalala.

Tukaingia wavuni. Mashine ikakohoa mara mbili, ikazima. Wavu umejizungusha kwenye pangaboi. Tukasikia watu wanapiga kelele gizani, wana haki, ule ndio mtaji wao tumeuchana. Nahodha akajaribu kuinua mashine akate kamba. Na ndipo nilipoona umeme wa radi, mbali, upande wa ziwani. Halafu ukaja upepo wa baridi usoni. Ghafla tu, kama mtu amefungua mlango wa jokofu.

Hilo swali la upepo nililijibu sekondari nikapata alama zote! Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto lake, upepo unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Sasa fikirieni ziwa lenye nchi kavu pande zote. Usiku pepo zinaingia kutoka kila upande, zinakutana katikati, juu ya maji yenye joto, hewa haina pa kwenda ila juu, mawingu yanajengeka. Ndiyo maana kwenye Ziwa Victoria mvua za radi hupenda kupiga usiku wa manane kuelekea alfajiri, wakati kule nchi kavu hupiga zaidi mchana na jioni. Wataalamu wa hali ya hewa wameliandika hili. Babu yake rumeti hajasoma maandiko hayo na analijua. Mimi niliyesoma nikaenda kulipanda boti.

Mawimbi yakaanza. Boti isiyo na mashine haikai inavyotaka nahodha, inageuka yenyewe ubavu kwenye mawimbi, na ubavu ndiko maji yanakoingilia. Yakaingia. Mimi na rumeti tukaanza kufua maji kwa dumu lililokatwa. Nahodha hakupiga kelele. Alichukua ndoo, akaifunga kamba kwenye mkono wake, akapita katikati yetu akitambaa, akaitupa majini kutoka omo na kufunga ile kamba. Ndoo ikajaa, ikawa inaburuzika kama nanga ya maji, na taratibu omo ikageuka kuelekea upepo. Tukaanza kuyapanda mawimbi badala ya kupigwa nayo. Mimi mtu wa bahari sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimeshikilia tochi.

Radi ikapiga karibu, ikamulika kila kitu. Nikamwona nahodha amepiga magoti, ana fulana tu. Hana boya.

Jamani, pale ndipo nilipoelewa. Maboya yalikuwa mawili na sisi tulikuwa watatu. Aliponipa nililivaa, nikafunga kamba, na sikuuliza la tatu liko wapi. Wiki ile ile nilikuwa nimekula ugali kwake. Mtoto wake wa miezi mitatu nilishampakata. Nilikuwa nimemlipa baba yake shilingi elfu ishirini aje kukaa pale bila boya ili mimi nifike Mwanza mchana badala ya jioni.

Nikaanza kufungua langu nimpe. Akanizomea kwa hasira mara ya kwanza usiku ule, "Kaa chini! Ukisimama unatuua wote." Nikakaa.

Waliotuokoa ni wale wale tuliowachania wavu. Walikuja na boti yao, wakatutupia kamba, wakakata ule wavu kwa kisu mbele ya macho yangu, wakatufunga nyuma yao, tukakaa hivyo tunarushwarushwa hadi upepo ulipotulia. Hawakututukana tena. Mmoja alinipa koti. Kulipopambazuka wakatuvuta hadi mwaloni kule kule tulikotoka.

Babu alikuwa amekaa kwenye gogo, macho ziwani. Sijui alikaa pale tangu saa ngapi. Nikajiandaa kusemwa. Akatuangalia mmoja mmoja kama anahesabu, akasema, "Mmekula?"

Tukanywa uji. Kisha akaniita peke yangu, tukakaa kwenye kivuli cha boti iliyopinduliwa. Akaniambia wiki ile ile, miaka saba nyuma, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mchana kweupe kikikaribia Ukara kutoka Bugolora. Kilitengenezwa kubeba abiria 101. Waliokufa walifika 228. "Watu wanaona nchi kavu," akasema, "mchana, jua linawaka. Na giza lilipoingia hata kuokoa kulisimama, hadi kesho yake. Sasa wewe ukipinduka saa nane za usiku, nani anajua hata wewe upo?"

Sikuwa na jibu. Asubuhi ile akanifundisha, na baadaye nimesoma mwenyewe nikakuta karibu yote yameandikwa vitabuni vile vile. Naweka hapa yale makubwa, kwa ajili ya wale wawili wa foleni na yeyote atakayeenda kwenye ziwa asilolijua, liwe Victoria, Tanganyika, Nyasa au lingine.

Kwanza, njia ya usiku inapitwa mchana. Kama hujawahi kuipita mchana, usiipite usiku. Na ukiipita geuka nyuma mara kwa mara, kwa sababu wakati wa kurudi kilima kile kile kinaonekana kingine. Angalia saa, ujue safari inachukua muda gani, mawe yako wapi, nyavu zinategwa wapi. Mwanza na Ukerewe kuna mawe mengi yaliyozama kidogo tu chini ya maji, na hayawashi taa.

Pili, taa. Boti yenye mashine inatakiwa kuonyesha nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma, ili mwenzako ajue unaelekea wapi. Boti ndogo kabisa, walau taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Lakini ndani ya boti pawe giza. Macho yanahitaji karibu nusu saa kulizoea giza vizuri, na tochi moja inayowashwa usoni mwa nahodha inaifuta nusu saa hiyo kwa sekunde moja. Ndicho nilichomfanyia mwenzangu safari nzima. Tochi ni ya kumuonyesha anayekujia kwamba upo, si ya kuchezea.

Tatu, usiamini taa mpaka uijue. Taa inayopotea na kutokea kwa wimbi ipo juu ya maji. Na taa inayozidi kukua huku ikibaki upande ule ule wa boti yako, haisogei mbele wala nyuma, ujue mnakwenda kugongana, punguza mwendo au geuka mapema. Kwa ujumla nenda polepole kiasi kwamba unaweza kusimama ndani ya umbali unaouona. Usiku umbali huo ni mfupi sana.

Nne, zima mashine usikilize. Hili lilinishangaza, lakini babu anasema ndilo jicho lake. Kila baada ya muda zima, kaa kimya. Utasikia maji yanapiga mwamba. Utasikia mbwa, jogoo, chura wa kwenye matete. Na utasikia harufu, moshi na dagaa wanaoanikwa, utajua mwalo uko upande gani wa upepo.

Tano, boya ni la kuvaa, si la kukalia. Na ni moja kwa kila kichwa, nahodha akiwemo. Kama hayatoshi, safari haipo. Haina mjadala. Hesabu vichwa, hesabu maboya, kwa sauti, kabla boti haijasukumwa. Ukiona aibu kuhesabu, kumbuka mimi nilivyoona aibu baadaye.

Sita, mtu wa nchi kavu ajue. Mwambie mtu asiyelala kwamba unaondoka saa fulani na utafika saa fulani, na usipopiga simu aanze kutafuta watu. Simu iwe na chaji, ifungwe kwenye mfuko wa nailoni, na uweke namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114. Lakini mtandao ziwani unakatika, kwa hiyo yule mtu wa nchi kavu ndiye simu yako ya kweli.

Saba, mambo yakiharibika, kaeni chini, katikati, msisimame. Omo iangalie mawimbi, kama mashine imekufa tupa ndoo au chochote kinachoburuzika kwa kamba. Boti ikipinduka ishikilie, ya mbao inaelea. Usianze kuogelea kufuata taa. Mnajua sasa taa ya ziwani inavyodanganya.

Nane, na hii babu aliisema mwisho huku anainuka. Umeme ukimulika upande wa ziwa, au mwenyeji akikwambia hapana, usiulize mara ya pili. "Mwenyeji akisema ndiyo, mwulize sababu," akasema. "Akisema hapana, shukuru."

Nimeifikiria sana hiyo. Mimi giza nilikuwa nalijua, maji nilikuwa nayajua, kilichotaka kutumaliza ni kule kujua kwangu. Kama ningekuwa mtu wa Dodoma asiyejua kuogelea ningeogopa, ningelala, ningevuka asubuhi. Nilichukua bahari yangu nikaivalisha ziwa la watu. Halafu nikatumia pesa na elimu kumnyamazisha mtu aliyejua, kwa sababu kumsikiliza kungenifanya nionekane mgeni. Na nilikuwa mgeni! Ugeni wenyewe si aibu. Kwetu Pangani mgeni akitaka kutoka na ngalawa usiku bila mwenyeji tunamwita kichaa.

Tulivuka saa nne asubuhi, maji yametulia kama kwenye sinia, mtu asingeamini. Tukapanda meli ya mchana, tukalala Mwanza, tukapanda basi lile lile la alfajiri. Sapu nilipita, C ya kubahatisha, msiniulize zaidi.

Wavu wa wale wavuvi tulikubaliana nilipe mimi. Bumu la kwanza la mwaka huu sehemu kubwa imekwenda huko, ndiyo maana mnaniona sionekani kwenye chipsi. Imebaki kidogo, nitaimalizia likizo. Na nilipokuwa Mwanza nilinunua boya moja, nikalituma kwa mtu wa meli hadi Nansio, likapelekwa kisiwani. Nahodha akanitumia ujumbe, mfupi tu: "Limefika. Mtoto anakusalimia." Nimeusoma mara nyingi kuliko desa lolote.

Baba nilimsimulia kwa simu. Alinyamaza hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha akaniuliza, "Kwani miaka yote ile tukitoka usiku, ulikuwa unadhani naijua njia kwa ushujaa?" Akasema yeye alipita ile njia ya miambani mchana misimu miwili nyuma ya babu yangu kabla hajaruhusiwa kuipita usiku. Hilo hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kuuliza. Nilikuwa abiria tu siku zote zile, nimelala kwenye tanga, nikiamka nimefika.

Basi jamani, ni hayo tu kwa leo. Kesho mchana nitakuwa kafeteria mapema, nawasubiri wale vijana wawili, mmoja ana kofia nyekundu. Kama unawajua waambie kuna mtu anawatafuta, si kwa ubaya. Wakiniona kimbelembele poa tu, nimeshaonwa mengi zaidi ya hayo.

Na aliyechukua desa langu la Takwimu alirudishe. Sijasahau.

Usiku mwema.